Kombe Lina Mwenyewe, Timu Hazina Kitu

Tuzo ya kipute cha wadi huku Ukambani mara nyingi huwa na miguu minne. Mshindi huondoka na fahali, wa pili na mbuzi, wa tatu na mpira pamoja na seti ya jezi zilizochapishwa picha ya aliyezitoa. Fahali huyo hafiki Jumatatu. Huchinjwa jioni hiyo hiyo, wachezaji, mashabiki na wazee wa kijiji wakala wakashiba, na kesho yake timu inaamka ilivyokuwa kabla ya mashindano: haina akiba, haina uwanja, pengine haina hata pampu ya kujazia mpira upepo.

Kwa mtu wa hesabu, hapo ndipo pa kuanzia akitaka kuelewa biashara ya soka ya mashinani Kitui na Makueni. Fedha zipo, tena si haba. Tatizo ni kwamba zinaingia kwenye kombe, haziingii kwenye klabu. Kombe lina mwenyewe, na mwenyewe huyo hachezi.

Soko lenyewe si dogo. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,136,187 Kitui na 987,653 Makueni. Kitui ina wadi 40 katika maeneo bunge manane, Makueni wadi 30 katika maeneo bunge sita. Ni nadra kupata soko la maana lisilo na timu, na masoko mengine yana mbili zisizopikika chungu kimoja. Msimu wenyewe hufuata likizo za Agosti na Desemba, wakati watu wa Nairobi na Mombasa wamerudi nyumbani wakiwa na pesa mfukoni na hamu ya kumwona mpwa wao akicheza winga.

Siku ya fainali, biashara huanza kabla ya refa kupuliza kipenga saa kumi, jua likiwa limepoa kidogo. Mama wa mayai ya kuchemsha na kachumbari amefika. Wa miwa amefika, wa karanga amefika, na bodaboda wamejipanga nyuma ya goli kwa sababu hapo ndipo kivuli kilipo. Mistari imechorwa kwa majivu. Fundi wa vipaza sauti amelipwa, mshereheshaji amelipwa, hema la wageni limekodishwa. Hakuna tiketi, kwa kuwa hakuna ua, na pasipo ua hakuna mlango wa kukatia tiketi. Wote waliofanya kazi siku hiyo hulala na chochote mfukoni isipokuwa wale ishirini na wawili waliowaleta watu uwanjani.

Matumizi ya klabu, kwa upande wake, hayana fumbo. Kuna ada ya kuingia mashindano au ya usajili wa ligi. Kuna malipo ya marefa, ambayo katika ligi za chini huangukia timu zenyewe. Kuna jezi, mipira, daluga na dawa ya kukandia misuli. Halafu kuna nauli, na nauli ndiyo inayoua.

Kitui, ukijumlisha kipande chake cha mbuga ya Tsavo Mashariki, ina takriban kilomita za mraba 30,000. Timu ya Tseikuru ikipangwa kucheza Ikutha hupita Kyuso, Mwingi, Kitui mjini na Mutomo ndipo ifike, halafu inatakiwa icheze dakika tisini. Barabara ya Kibwezi–Mutomo–Kitui ilipowekwa lami ilipunguza mateso ya upande wa kusini, kwani sasa matatu inakubali kukodishwa bila dereva kuanza kuhesabu springi zake. Lakini matatu ya kukodi hulipwa kabla haijaondoka. Pesa isipotosha, timu haiendi, na wenyeji hupewa ushindi wa mezani. Ukiona msimamo wa ligi ya kaunti wenye ushindi wa mezani mwingi, usidhani kuna uvivu. Ligi hiyo imechezwa barabarani na nusu ya timu zimeshindwa huko.

Makueni ina afueni kidogo. Emali, Makindu, Kibwezi na Mtito Andei ziko kwenye barabara kuu ya Mombasa, na gari la kwenda na kurudi halikosekani. Mbooni wana shida ya aina nyingine: milima. Kupata ardhi tambarare ya kutosha uwanja ni kazi, na mahali pengine timu mwenyeji huchagua kipindi cha pili kucheza ikiteremka.

Nani basi hulipa? Kwanza ni watu wa nyumbani. Mweka hazina hufungua kundi la WhatsApp, hutuma nambari ya M-Pesa, kisha huanza kazi ya kukumbusha. Wakamba wamezoea mwethya, kazi ya kusaidiana kijijini, na timu nyingi huendeshwa kwa moyo huo huo. Mchango huo ndio pesa ya uhakika kuliko zote, na ndiyo isiyotangazwa kwenye bango lolote.

Kisha kuna serikali. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 lilikabidhi kaunti michezo na viwanja vyake. Orodha hiyo hiyo, mistari michache tu juu yake, ilizikabidhi pia kamari na leseni za pombe, ujirani ambao sijui waandishi wa Katiba waliufikiria kiasi gani. Makueni iliitikia mapema. Wakati wa Gavana Kivutha Kibwana kulikuwa na Supa Cup, mashindano yaliyoanzia wadi hadi kaunti. Alipoingia Mutula Kilonzo Junior mwaka wa 2022, jina likaja kuwa Ligi Mashinani. Sina ugomvi na lolote kati ya hayo mawili, kwani vijana walicheza na vipaji vilionekana. Lakini shindano ambalo jina lake hubadilika Ikulu ndogo ya kaunti ikipata mpangaji mpya ni la nani? Klabu haiwezi kwenda benki na kusema ina nafasi katika kipute fulani kwa miaka kumi ijayo. Haijui hata kama mwaka ujao kitakuwapo.

Chini ya gavana kuna mbunge, kupitia hazina ya NG-CDF, ambayo kanuni zake zimeruhusu hadi asilimia 2 ya mgao wa eneo bunge itumike kwa michezo. Hapo ndipo kombe la mheshimiwa linapotoka, pamoja na jezi zake. Mahakama Kuu ilitangaza hazina hiyo kuwa kinyume cha Katiba Septemba 2024, ikaipa muda hadi Juni 30, 2026. Hata kabla ya kesi hiyo, mipira na makombe yalikuwa yakinunuliwa kwa wingi kuliko nyasi.

Kampuni nazo huja na kuondoka. Chapa Dimba ya Safaricom, iliyoanza 2017 kwa vijana wa miaka 16 hadi 20, ilileta zawadi ya Sh1 milioni kwa bingwa wa taifa, na kwa mara ya kwanza timu nyingi za vijiji zilijaza fomu zenye tarehe za kuzaliwa na picha za wachezaji. Upande wa kamari ulikuwa na msukosuko zaidi. SportPesa ilikuwa mfadhili mkuu wa ligi kuu hadi 2019, ilipogombana na serikali kuhusu leseni na ushuru, ikafunga mifuko. BetKing ikaja 2020 na mkataba wa miaka mitano wa Sh1.2 bilioni, nao ukavunjika mwaka uliofuata. Pesa hizo hazikuwa zikifika Zombe wala Kathonzweni moja kwa moja. Lakini klabu za juu zinapokosa mishahara huacha kuwatafuta vijana wa mashinani, na msaka vipawa aliyekuwa akija fainali za Agosti hapokei tena simu.

Kuna nchi moja iliyoupanga mchezo wake wa kijijini kinyume kabisa cha hivi, na Kitui ina undugu nayo wa zamani. Mapadre wa Shirika la Mtakatifu Patrick, wale wa Kiltegan kutoka Ireland, ndio waliolijenga Kanisa Katoliki Kitui tangu miaka ya 1950, na askofu wa kwanza wa jimbo, William Dunne, alikuwa Mwairishi. Walileta shule na hospitali. Mpira wa kwao, unaochezwa kwa mikono na miguu, timu ya watu kumi na watano, goli likiwa pointi tatu na mpira unaopita juu ya mwamba kwa kawaida pointi moja, haukushika mizizi huku.

Chama kinachousimamia, GAA, kilianzishwa Novemba 1, 1884 katika mji wa Thurles. Msingi wake ni klabu, na klabu kwa kawaida ni ya parokia. Mchezaji huchezea alikozaliwa au anakoishi, halipwi mshahara, na klabu zote za kaunti hugombea ubingwa wa kaunti yao kila mwaka. Bingwa husonga mbele hadi ngazi ya taifa, na fainali huchezwa Croke Park jijini Dublin, uwanja wa watu zaidi ya 82,000 unaomilikiwa na chama chenyewe. Kinachopaswa kumtia wivu mwenyekiti wa timu ya Migwani au Kathonzweni, hata hivyo, si Croke Park. Ni uwanja wa parokia: ardhi iliyosajiliwa kwa jina la wadhamini wa chama, yenye ua, mlango, chumba cha kubadilishia nguo na bahati nasibu ndogo ya kila wiki inayochezwa na wanakijiji wenyewe. Mwaka 2018 mkutano mkuu wa GAA ulipiga marufuku udhamini wa kampuni za kamari, na klabu zikaendelea kucheza. Iliwezekana kwa sababu klabu hizo zilikuwa na chanzo kingine.

Tusiwapambe kupita kiasi. Huko nako kuna kelele za miaka mingi kuhusu makocha wanaolipwa kisirisiri katika mchezo unaojiita wa ridhaa, na vijijini vijana wanahamia Dublin na ng'ambo kama wetu wanavyohamia Nairobi. Lakini kwao mfadhili akiondoka, ubingwa wa kaunti unachezwa vilevile.

Huku kwetu viwanja ni vya wengine. Vingi ni vya shule za msingi, vingine vya kanisa, na klabu huchezea hapo kwa hisani ya mwalimu mkuu. Akihamishwa, mazungumzo yanaanza upya. Vile vikubwa vina historia yake. Uwanja wa mji wa Wote, Makueni, uliwekwa katika orodha ya viwanja ambavyo serikali kuu ingejenga, mradi ukakwama kwa miaka. Ithookwe, Kitui, ulipata bahati: Mashujaa Dei ya Oktoba 20, 2025 iliandaliwa hapo, na kama kawaida ya nchi hii, sherehe ya siku moja ilifanikisha mambo ambayo ligi haikuweza kuyaomba. Kitui sasa ina uwanja wa kuonyesha wageni. Timu ya Tseikuru bado inahitaji nauli ya kuufikia.

Mali nyingine inayopotea haionekani kwa macho, nayo ni karatasi za mchezaji. Kanuni za FIFA zinasema mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja hadi nyingine, asilimia 5 ya bei yake igawiwe klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Msimu wa umri wa miaka 12 hadi 15 una asilimia 0.25 kila mmoja, wa 16 hadi 23 asilimia 0.5. Tuseme kijana amecheza misimu mitatu Mutomo, akiwa na miaka 16, 17 na 18, kisha baadaye auzwe Ulaya kwa euro milioni moja. Sehemu ya klabu ya Mutomo ni euro 15,000, yaani zaidi ya Sh2 milioni. Tangu Novemba 2022 FIFA ina ofisi maalum mjini Paris inayokokotoa na kupitisha malipo hayo yenyewe. Klabu haihitaji wakili. Inahitaji tu iwe imesajiliwa na shirikisho la soka la Kenya, FKF, na kijana huyo awe ameandikishwa kwa jina lake kila msimu.

Hapo ndipo kombe la mheshimiwa linapogharimu. Kipute kilicho nje ya ligi ya shirikisho hakiachi alama yoyote katika rekodi za mchezaji. Kijana anaweza kung'aa Agosti tatu mfululizo, akabebwa juu kwa juu, akapewa mbuzi, na kwa FIFA akawa hajawahi kucheza. Timu nyingi zimejisajili kama vikundi vya kujisaidia, jambo linalotosha kufungua akaunti na kupokea hundi ya mwanasiasa. Sheria ya Michezo ya 2013 inataka zaidi ya hapo: katiba ya klabu, viongozi waliochaguliwa, cheti cha Msajili wa Michezo. Ni safari na ada ambazo mfadhili wa jezi hapendi kugharimia, kwa sababu cheti hakina mahali pa kuweka picha yake.

Uchaguzi mkuu ni Agosti 10, 2027. Kuanzia Desemba kabla yake, timu yoyote inayoweza kukusanya watu kumi na mmoja itapewa jezi, na nyingine zitapewa seti tatu za rangi tatu na vyama vitatu. Meneja mwenye akili ya biashara atazipokea zote, kwani kukataa ni ugomvi bure. Kisha amwombe kila mheshimiwa jambo moja kabla ya kupiga picha naye: mmoja alipe usajili wa wachezaji FKF, mwingine akodi matatu ya mechi za ugenini za mzunguko mzima, na wa tatu amsaidie kuandikiana na bodi ya shule mkataba wa kutumia uwanja kwa miaka mitano. Fahali awaachie waliofika fainali.