Namba yenye tarakimu 21 (Sehemu ya 2)

Wiki iliyopita tulieleza namba tasa, ile isiyogawanyika bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Leo tuishike moja tu: 147,573,952,589,676,412,927, yaani 2 kwa kipeo cha 67, kutoa 1. Mwaka 1644 mtawa wa Kifaransa, Marin Mersenne, aliihesabu miongoni mwa namba tasa. Mwaka 1876 Édouard Lucas akathibitisha kuwa si tasa, ila hakutaja kigawo chake hata kimoja. Vigawo vilikuja kujulikana Oktoba 1903, Frank Nelson Cole alipoonyesha mjini New York kwamba ni zao la 193,707,721 na 761,838,257,287. Miaka 27 hiyo ndiyo hoja yangu: kujua kwamba namba inagawanyika ni elimu moja, kujua inagawanywa na nini ni nyingine, tena ya pili ni ghali mno.

Atakuwepo wa kuuliza: inagawanyikaje namba ambayo vigawo vyake havijaonekana? Tuanze na ndogo. Pierre de Fermat aligundua kwamba p ikiwa namba tasa kubwa kuliko 2, basi 2 kwa kipeo cha (p kutoa 1), ukiigawa kwa p, hubakisha 1. Ijaribu 15: 2 kwa kipeo cha 14 ni 16,384, na baki lake ni 4. Basi 15 si tasa, wala hatujaigusa 3 wala 5. Kipimo hiki lakini hukataa kwa uhakika bila kukubali kwa uhakika, maana 341 hukipita ilhali ni 11 mara 31. Namba ya Mersenne nayo hukipita, kwa hiyo Lucas alihitaji kipimo chake mwenyewe. Kwa sura aliyokipa Derrick Lehmer baadaye, unaanza na 4, unaizidisha kwa yenyewe, unatoa 2, unabakiza baki, na kurudia mara 65. Baki la mwisho lisipokuwa 0, namba si tasa. Kazi ya kuchosha, lakini ina mwisho unaojulikana. Cole hakuwa na mwisho wa namna hiyo. Alijua tu kwamba kila kigawo, kikigawanywa kwa 134, lazima kibakishe 1, na katika safu hiyo kigawo kidogo kiko nafasi ya 1,445,580; ilibidi achuje kwa mbinu nyingine.

Itasemwa kompyuta zimelimaliza suala hili. Kwa namba ya Cole, naam, ni kufumba na kufumbua. Lakini pengo halikuzibwa, limesogezwa mbele: 2 kwa kipeo cha 1,277, kutoa 1, ina tarakimu 385, imethibitishwa kuwa si tasa, na hadi sasa hakuna kigawo chake kinachojulikana. Usimbaji wa RSA, uliobuniwa mwaka 1977, umejengwa juu ya pengo hilohilo. Kompyuta hupata haraka namba tasa mbili kubwa kwa vipimo vya jamii hii na kutangaza zao lake hadharani. Anayetaka kuvunja siri hurudishwa kwenye kazi ya Cole, safari hii kwa tarakimu mia kadhaa.