Sura ya Nne: Tranka la Mwanafunzi wa Bweni

Mtanzania aliyesoma sekondari miaka ya 1970 atakusimulia safari ya shule kabla hajafika kwenye masomo. Kafaulu darasa la saba Bukoba, kapangiwa Songea. Anapewa waranti ya kusafiria, baba anamnunulia tranka la bati, kisha ni meli hadi Mwanza, treni, na basi lenye vumbi. Bwenini, kitanda cha juu kalala Mmakonde, cha pembeni Mpare, mlangoni Mkurya. Kihaya chake hapo hakimfai hata kuombea maji ya kunywa. Miaka minne baadaye ana marafiki wa nchi nzima, na pengine mchumba ambaye jina la kijiji chao linamshinda mama mkwe kulitamka.

Nimeanza na tranka kwa makusudi. Tukitaja viongozi waliojenga mataifa, tunakimbilia hotuba. Hotuba husisimua, halafu watu hurudi makwao. Kinachobaki ni mipango ya ofisini: nani apelekwe wapi, alale na nani, barua yake iandikwe kwa lugha gani. Julius Nyerere alikuwa hodari jukwaani, lakini naamini Utanzania ulifinyangwa zaidi na orodha za uhamisho wa walimu, mabwana shamba na wakuu wa wilaya kuliko na maneno yake.

Hakulikuta shamba tupu. Kiswahili kilikwishafika bara na misafara ya biashara ya karne ya 19, Wajerumani wakakitumia katika utawala na shule zao, na chama cha Nyerere, TANU, kilichozaliwa tarehe 7 Julai 1954, kikazunguka nacho nchi nzima. Tena hapakuwa na kabila moja lililoshika mji mkuu: Wasukuma ndio wengi, nao wako mbali na Dar es Salaam. Nyerere mwenyewe alikuwa Mzanaki, kabila dogo la Mara. Anayempa mtu mmoja sifa zote anaisahau bahati hii.

Hata hivyo, bahati nayo yataka mtu wa kuitumia. Oktoba 1961, kabla ya uhuru, baadhi ya wabunge walitaka uraia utolewe kwa kuangalia rangi. Nyerere aliwakatalia waziwazi, akaweka serikali yake rehani kwa hoja hiyo. Desemba 1962, siku moja baada ya nchi kuwa jamhuri, alilihutubia Bunge kwa Kiswahili na kutangaza wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Mwaka 1963 sheria ikaondoa mamlaka ya machifu. Hapo pana kinaya kitamu: aliyewavua machifu madaraka alikuwa mtoto wa Chifu Burito wa Butiama. Mwaka 1967 Makamu wa Pili wa Rais, Rashidi Kawawa, aliagiza shughuli za serikali ziendeshwe kwa Kiswahili, na Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, likaundwa mwaka huohuo. Katikati ya kazi zote hizo, rais akapata wasaa wa kumtafsiri Shakespeare, kana kwamba anataka kuwaonyesha wenye mashaka kwamba lugha ya sokoni inaubeba mzigo wowote.

Je, lugha peke yake inatosha? Tazama Uganda. Mwaka 1973 Idi Amin alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Ni Kiswahili kilekile, na agizo limetoka kwa rais vilevile. Lakini Waganda wengi walikuwa wakikisikia kinywani mwa askari, kwenye vizuizi vya barabarani, kikiambatana na mtutu. Hofu ile ikaganda kwenye lugha yenyewe, na utawala wa Amin ulipoanguka mwaka 1979, haikuondoka naye. Lugha huchukua harufu ya aliyeibeba.

Je, mipango ya Nyerere ilizaa matunda? Mwanauchumi Edward Miguel alichapisha mwaka 2004 utafiti uliolinganisha wilaya mbili, Busia ya Kenya na Meatu ya Tanzania. Kule Busia, palipochanganyika makabila watu walichangia kidogo shule zao za msingi. Meatu mchanganyiko haukuwa na madhara hayo. Wilaya mbili si nchi mbili, lakini matokeo hayo yanamfurahisha kila Mtanzania anayeyasikia, nami nikiwamo.

Furaha hiyo isitufumbe macho. Kalamu iliyowachanganya wanafunzi ndiyo iliyofanya chama kiwe kimoja mwaka 1965, na katika Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 wapo waliohamishwa kwa nguvu, nyumba zao zikibomolewa nyuma yao. Zanzibar, iliyoungana na Tanganyika tarehe 26 Aprili 1964, haijaacha kuuliza Uzanzibari wake unakaa wapi ndani ya Utanzania. Nyerere aliijua hatari ya nyumba kuchakaa. Machi 1995, takriban miaka kumi baada ya kung'atuka urais, aliwaita waandishi wa habari akawazungumzia nyufa za taifa, udini na ukabila zikiwamo.

Ukabila haukufa, basi. Kilichobadilika ni adabu. Mhehe na Mngoni, ambao babu zao walipigana vita, leo wanataniana hadi msibani, lakini kumuuliza mgeni kabila lake kabla ya kumkaribisha kiti ni utovu wa malezi. Serikali nayo ilikwishaacha kuuliza. Ile idadi ya makabila zaidi ya 120 tunayoitaja kila siku haitokani na sensa ya karibuni: mara ya mwisho karani wa sensa kumwuliza Mtanzania kabila lake ilikuwa mwaka 1967.