Dawa ya kujaza misuli haikuzi misuli peke yake

Huku kwetu Mnero vijana wengi wanaota kucheza siku moja Uwanja wa Majaliwa, Ruangwa. Ndoto hiyo ni njema. Hofu yangu ni kwa anayetafuta njia ya mkato kwa vidonge au sindano za "kujaza mwili".

Nyingi ya dawa hizo ni steroidi za jamii ya testosteroni, homoni ya kiume inayotengenezwa kwenye korodani. Mfugaji wa mbuzi anaijua kazi yake: beberu akihasiwa mapema, hatoi harufu kali wala hasumbui majike.

Mwaka 1935, huko Marekani, Charles Kochakian na John Murlin waliwapa mbwa waliohasiwa kiini kilichotolewa kwenye mkojo wa wanaume. Miili ya mbwa hao ilianza kuhifadhi zaidi naitrojeni, dalili kwamba inajenga nyama. Mwaka 1953 Hershberger na wenzake wakatumia panya dume waliohasiwa. Waliwapa dawa, kisha wakapima uzito wa msuli mdogo ulio karibu na njia ya haja kubwa, pamoja na tezi dume. Dawa iliyokuza msuli ilikuza na tezi. Tangu hapo watengenezaji wamejaribu kutenganisha kazi hizo mbili, lakini hakuna steroidi ya aina hii iliyofanikiwa kukuza misuli tu.

Kwa binadamu ni vilevile. Ubongo ukiona homoni imejaa, huacha kuziamuru korodani zifanye kazi. Zinasinyaa, mbegu zinapungua, na kurudi katika hali ya kawaida huweza kuchukua miezi mingi. Matiti ya mwanamume huweza kuota, shinikizo la damu likapanda, moyo ukatanuka, na ini likaumia, hasa kwa vidonge. Msichana huota ndevu, na sauti yake ikishakuwa nzito huenda isirudi tena.

Mzazi, hili ni lako: kijana ambaye bado anakua ana gegedu kwenye ncha za mifupa, na ndipo urefu unapoongezeka. Homoni hizi huzifunga kabla ya wakati. Kijana atavimba kifua, lakini urefu alioukosa hataupata tena.

Angalizo: prednisoloni na baadhi ya dawa za kuvuta za pumu nazo huitwa steroidi, ila ni za jamii nyingine na hazijengi misuli. Kama daktari amekuandikia, usiziache ghafla kwa kusoma makala haya.

Ukiona kijana amejaa mwili kwa wiki chache, chunusi zimemjaa mgongoni na hasira zimezidi, muulize kwa upole. Mlete kituo cha afya pamoja na kichupa chenyewe. Kama wamechangia sindano na wenzake, apimwe VVU na homa ya ini. Anayetaka misuli ya kweli ale maharage, kunde, mayai na dagaa, afanye mazoezi na alale vya kutosha.