Bawabu wa Injini

Sogeeni hapa chini ya mwembe, wajukuu zangu, niwasimulie habari ya gari lililowatetemesha watu kwa baridi na huku injini yake inanguruma.

Lilikuwa na kitanda na jiko humo humo ndani. Lilitoka Ngorongoro, likakata Serengeti, likatokea geti la Ndabaka hadi kwetu Mwanza. Wenyewe, bwana na bibi, walisema kule ukingoni mwa kreta, kama mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, ukungu ulitanda asubuhi, nao wakiwasha hita inawapulizia vuguvugu tu.

Hita ya gari haina moto wake, huomba kwa injini. Maji yanayopoza injini hubeba joto. Mpira mmoja huyapeleka kwenye rejeta ndogo iliyojificha nyuma ya dashibodi, mpira wa pili huyarudisha. Feni hupuliza hewa kwenye hiyo rejeta, nanyi mnaota joto.

Basi wakalipeleka gari kwa fundi. Fundi alitazama maji kwanza, injini ikiwa imepoa. Msije mkafungua kifuniko cha rejeta ya moto, wanangu, mvuke unababua uso! Maji yalikuwa tele. Akawasha, akangoja, akaishika ile mipira. Mmoja ungechoma na mwingine ukawa baridi, angejua rejeta ndogo imeziba kwa kutu. Yote miwili ilikuwa vuguvugu.

“Maji hayapati moto,” akasema. Akafungua mahali pa themostati. Patupu!

Themostati ni bawabu. Injini ikiwa baridi, huziba njia ya rejeta kubwa ili maji yapate moto kwanza. Yakifika nyuzi 82 hivi, nta iliyo tumboni mwake huyeyuka, hutanuka, husukuma mlango. Wapo mafundi wa huku kwenye joto wanaoing'oa, wakidhani wanaiokoa injini isichemshe. Jambo hili huniuma, maana injini isiyopata joto lake hunywa mafuta mengi na kuchakaa mapema.

Fundi alinunua mpya, lakini hakuifunga papo hapo. Aliitumbukiza kwenye sufuria ya maji juu ya jiko la mkaa. Watoto wakainama. Viputo vikaanza kupanda, na kabla maji hayajatokota, mlango ukaachia: kwanza upenyo wa unywele, kisha karibu upana wa kidole. Akaitoa kwa koleo. Ilipopoa, ikajifunga yenyewe taratibu.

Jioni, jua likizama ziwani, gari likazungushwa mjini na kurudi. Yule bibi mwenye gari akafungua hita, akaweka kiganja, akakiondoa upesi. Tukafungua milango yote.