Betri Haifi, Huuliwa

Na Mwandishi Wetu

Ilikuwa mwanzoni mwa mwaka 2024, siku zile za mgawo wa umeme. Mtaa wetu ulizama gizani tangu magharibi, lakini nyumbani kwangu hatukuwa na wasiwasi. Tulikuwa na paneli ya sola juu ya bati na betri chini ya meza. Binti yangu alikuwa akijiandaa kwa mtihani wa asubuhi yake. Haikutimia saa tatu za usiku, taa zikazimika kwa mkupuo. Mtoto akamalizia masomo yake kwa mshumaa, nami nikalala nikimlaani muuzaji, kwa kuwa betri ile haikuwa imetimiza hata miezi minane.

Kulipokucha niliibeba hadi kwa fundi mmoja mzee anayechaji betri. Akafungua vifuniko vyake sita, akamulika ndani kwa tochi, kisha akaniuliza: "Mwanangu, mara ya mwisho uliitia maji lini?"

Nikamjibu: "Mzee, sijawahi."

"Basi muuzaji hana kosa. Betri haifi, huuliwa. Na hii umeiua wewe."

Ndugu msomaji, maneno yale yaliniuma, walakini yalikuwa ya haki. Bei ya betri ni mzigo mzito kwa mshahara wa mfanyakazi wa kawaida. Nimeona si vema niyafiche niliyojifunza kwa hasara.

KIU NA NJAA

Betri ya tindikali ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, na asili yake haijabadilika sana. Betri ya volti 12 ina vyumba sita, kila kimoja kikitoa takriban volti 2. Ndani ya kila chumba mna mabamba ya risasi yaliyozama katika tindikali ya salfa iliyochanganywa na maji.

Betri inapotoa umeme, mabamba hufunikwa na utando wa salfeti. Ikichajiwa, utando huo huyeyuka. Lakini ikiachwa tupu kwa siku nyingi, utando hugeuka kuwa chembe ngumu ambazo hakuna chaji itakayoziondoa. Hiyo ndiyo njaa ya betri. Nayo kiu hutokana na chaji yenyewe, kwa sababu sehemu ya maji hugeuka gesi na kutoweka. Maji yakipungua hata mabamba yakabaki wazi, sehemu ile iliyo wazi huharibika.

Mimi nilikuwa na makosa yote mawili. Taa zangu zilipitia kontrola, kile kifaa kinachokata umeme betri inapokaribia kuishiwa. Lakini televisheni niliiunganisha kupitia inveta iliyofungwa moja kwa moja kwenye vichwa vya betri. Inveta nyingi hungoja hadi volti 10.5 ndipo zijizime, na hapo betri imekwisha kukamuliwa. Kila usiku tuliotazama mpira, tuliinyonya hadi tone la mwisho.

CHOTA NUSU, RUDISHA KESHO

Kanuni kuu ni kutotumia zaidi ya nusu ya akiba. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100 ina akiba ya wati-saa 1,200, hivyo haki yako ni 600. Taa nne za wati 5 zikiwaka saa tano hula 100. Televisheni ya wati 40 kwa saa nne hula 160. Ongeza simu za nyumba nzima na upotevu wa inveta, utafika kama 300. Paneli ya wati 100, jua likiwa kali kwa saa tano, yaweza kulipa deni hilo. Lakini ukichota zote 600, haitaweza. Siku ya mawingu, basi, afadhali televisheni ipumzike.

Mita ndogo ya kupimia volti itakuambia ukweli. Pima betri ikiwa imetulia saa kadhaa, haichajiwi wala haitumiki. Volti 12.6 au zaidi maana yake imejaa, na 12.2 ni kama nusu. Ikifika 12.0, uko mahali pabaya. Tena usinunue betri ya kuwashia gari kwa kazi ya taa. Mabamba yake ni membamba, yametengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, si kidogo kidogo usiku kucha.

MAJI, SI TINDIKALI

Betri yenye vifuniko vya kufunguka ikaguliwe kila mwezi. Ongeza maji safi maalumu ya betri, wala si ya bomba au ya kisima, maana hayo yana chumvi. Usiongeze tindikali, kwa kuwa kinachopotea ni maji. Ongeza baada ya kuchaji, ila kama mabamba yako wazi, yafunike kwanza kidogo. Betri zilizozibwa kiwandani zisifunguliwe. Unga mweupe kwenye vichwa uoshwe kwa maji yenye magadi, vifuniko vikiwa vimefungwa, kisha upake mafuta ya mgando.

Betri isikae chumba cha kulala wala karibu na jiko. Gesi itokayo wakati wa kuchaji hulipuka kwa cheche ndogo tu. Tindikali ikimrukia mtoto jichoni, osha kwa maji mengi safi yasiyopungua dakika 15, kisha mpeleke hospitali mara moja.

Na betri iliyokufa? La hasha, usiipasue uani. Risasi hudhoofisha akili za watoto wadogo. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha risasi ya betri chakavu kilichoanza kazi mwaka 2007 kiliwadhuru wakazi hadi kilipofungwa mwaka 2014. Mama mmoja, Phyllis Omido, ambaye mwanawe mchanga aliathirika, aliongoza mapambano. Mwaka 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha hukumu hiyo iliyokuwa imetenguliwa katika rufani. Kwa hiyo irudishe betri yako kwa muuzaji ikiwa nzima, tindikali yake ikiwa ndani.

Betri yangu mpya sasa inakaa barazani, kivulini, ndani ya sanduku lenye matundu. Daftari limening'inizwa kando yake, na kila Jumapili asubuhi binti yangu huandika volti alizozisoma. Juzi alinizuia nisiwashe televisheni. Alikuwa ameona 12.2.