Visikizi vya Kunasia Sauti

Katika studio za redio, kama zile za Radio Free Africa jijini Mwanza, msomaji huvaa visikizi vya masikioni, yaani hedifoni, ili aisikie sauti yake inavyoingia katika kipaza sauti. Visikizi hivyo ni vya aina mbili: vyenye matundu kwa nje, na vilivyofungwa.

Sauti ni mtetemo wa hewa, nao husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Mtetemo ukivuja kutoka masikioni hufika kwenye kipaza sauti, ukanaswa pamoja na maneno mapya; kuutenga baadaye ni kazi ngumu. Kwa hiyo msomaji huchagua vilivyofungwa, vinavyoziba sikio lote bila kulibana. Vyenye matundu hufaa wakati wa kusahihisha, kipaza sauti kikiwa kimezimwa.

Jaribio: Weka visikizi vikilia karibu na kipaza sauti, nasa sauti, kisha sikiliza. Rudia kwa aina ya pili, ulinganishe.

Tahadhari: Mvua ikipiga mabati, ahirisha kazi, usiongeze sauti. Sauti inayozidi desibeli 85 kwa saa 8 kila siku huua chembehai za sikio la ndani, nazo hazioti tena.