Kutoka jikoni kwa mama hadi jikoni kwa dola

Katika mengi yaliyoandikwa kuhusu tarehe 30 Januari 1933, siku Adolf Hitler alipokabidhiwa ukansela wa Ujerumani, liko jambo dogo ambalo ukishalisoma haliondoki kichwani. Limo katika kumbukumbu za Melita Maschmann, aliyekuwa binti wa miaka 15 jijini Berlin siku hiyo, na ambaye baadaye alikuja kuwa kiongozi katika jumuiya ya wasichana wa Kinazi. Anakumbuka kwamba mchana ule alikuja nyumbani kwao fundi cherehani wa familia, mwanamke, kurekebisha gauni la mama ili limkae binti. Fundi huyo alikuwa amebandika beji ya swastika upande wa ndani wa ukosi wa koti lake, mahali ambapo macho ya tajiri wake yasingefika. Akiwa kazini, alizungumza juu ya zama zinazokuja, ambapo watumishi wa ndani hawatalazimika tena kula jikoni peke yao. Mama mwenye nyumba hakupendezwa na maneno hayo. Binti aliyameza. Kwa maelezo yake mwenyewe, mama yake aliwadai watoto utii ule ule alioudai kwa watumishi, kwa hiyo habari ya meza ya jikoni ilimgusa kama habari yake mwenyewe. Usiku huo wazazi walimpeleka yeye na pacha wake kutazama maandamano ya mienge. Hapo aliwaona vijana waliomzidi umri kidogo tu wakipita kwa hatua za pamoja, akatamani kuwa mmoja wao. Aliona pia mtazamaji akipigwa hadi damu ikamtoka, na anakiri kwamba hofu aliyoipata ilichanganyika na msisimko.

Simulizi hili linapingana na picha tuliyozoea. Tunapozungumzia jinsi udikteta unavyowateka vijana, mithali iliyo karibu na ulimi ni ile ya samaki kukunjwa angali mbichi: mtoto ni kitu laini, mkono wa dola unamkunja, naye anakauka katika umbo alilopewa. Kwa wasichana picha huwa kali zaidi, kwa kuwa Wanazi walihubiri wazi kwamba mwanamke ni wa nyumba, watoto na mume. Lakini Maschmann hakukunjwa na mtu. Tarehe 1 Machi 1933 alijiunga na Jumuiya ya Wasichana wa Kijerumani, BDM, kwa siri na kinyume cha matakwa ya wazazi wake. Alikwenda kwa miguu yake kwa sababu aliona mlango wa kutokea nyumbani. Huo ndio ufunguo wa suala zima. Utawala huo uliwapata wasichana kwa kuwatoa kwanza katika jiko la mama. Uliwapa sare, nyimbo, safari, kambi na uongozi, na baadaye ukazitumia kazi zile zile za jikoni kwa faida yake.

Wapo watakaosema kwamba wasichana wengi walilazimishwa, na ushahidi wanao. Sheria ya Desemba 1936 iliwaweka vijana wote wa Kijerumani chini ya Vijana wa Hitler, jumuiya mama ya BDM, na amri ya Machi 1939 ikafanya utumishi huo kuwa wa lazima kuanzia miaka 10. Jumuiya nyingine za vijana zilipigwa marufuku au kumezwa. Hata hivyo, mwishoni mwa 1932 jumuiya ya Vijana wa Hitler ilikuwa na wanachama wapatao 100,000, na mwaka mmoja baadaye ilikuwa imevuka milioni 2, miaka mitatu kabla ya sheria hiyo ya kwanza. Wengine waliingia kwa shinikizo la shule na majirani, wengine kwa kuwa vikundi vyao vilikwisha kufutwa. Lakini wengi waliingia kwa hamu. Sketi ya buluu iliyokoza, blauzi nyeupe, kitambaa cheusi cha shingoni kilichopitishwa kwenye kipete cha ngozi: binti wa wakili na binti wa kibarua waliovaa hivyo hawakutofautiana kwa mavazi. Kwa msichana aliyechoshwa na tabaka la wazazi wake, usawa huo ulionekana kama haki imetimia. Ilikuwa haki ya nusu, kwa sababu meza moja iliyoahidiwa na fundi cherehani iliwekewa sharti la damu. Msichana wa Kiyahudi hakuwa na kiti hapo.

Mafundisho ya utawala huo kuhusu mwanamke yalibadilika kadiri dola ilivyohitaji. Mwaka 1933 serikali ilianza kutoa mikopo ya ndoa ya hadi mark 1,000 kwa sharti kwamba mke aache kazi, na robo ya deni ilifutwa kwa kila mtoto aliyezaliwa. Wasichana wanaoingia vyuo vikuu waliwekewa ukomo wa asilimia 10. Desemba 1938 ukaanzishwa Msalaba wa Heshima wa Mama: shaba kwa watoto wanne au watano, fedha kwa sita au saba, dhahabu kwa wanane na zaidi. Lakini viwanda vya silaha vilipoanza kukosa mikono, mwaka 1937, sharti la mke kuacha kazi liliondolewa, na kufikia mwisho wa vita wasichana walikuwa wakiendesha taa za kumulika ndege za adui. Hata uongozi wa BDM ulibeba mgongano huo. Trude Mohr, aliyewafundisha wasichana kujiandaa kwa ndoa na uzazi, aliacha cheo mwaka 1937 baada ya yeye mwenyewe kuolewa. Nafasi yake ilichukuliwa na Jutta Rüdiger, mwanasaikolojia asiye na mume. Wanawake waliopewa kazi ya kuhubiri jiko walikuwa wale walioishi nje yake, na juu yao wote alikaa mwanamume, Baldur von Schirach.

Kwa hiyo inaweza kudaiwa kwamba, pamoja na ubaya wake wote, BDM iliwakomboa wasichana. Baadhi ya waliopitia humo walisema hivyo hadi uzeeni: walijifunza kusimama mbele ya watu, kupanga safari, kuamuru. Dai hilo halistahili kejeli, kwa sababu furaha yao ilikuwa ya kweli. Linastahili kupimwa kwa swali moja: uwezo huo ulitumika wapi? Maschmann anajibu kutoka Wartheland, eneo la Poland lililotwaliwa na Ujerumani mwaka 1939. Wapolandi walifukuzwa katika mashamba yao ili wapishe Wajerumani walioletwa kutoka Volhynia, Galicia na Bessarabia. Wasichana wa BDM na wa utumishi wa kazi walipelekwa huko kuwasaidia wageni hao. Walisafisha nyumba zilizotoka kuachwa, wakafua, wakapika, wakafundisha malezi ya watoto wachanga na Kijerumani sanifu. Maschmann anasimulia alivyohusika katika kuwaondoa wenyeji, na alivyojizoeza kutowahurumia kwa kujiambia kwamba huruma ni usaliti wa wajibu. Ndoo, ufagio na sufuria, vitu alivyovikimbia kwa mama yake, sasa vilikuwa vyombo vya kuhalalisha unyang'anyi. Nyumba iliyopigwa deki haionyeshi kwamba asubuhi ile ilikuwa na wenyewe. Ndipo mgawanyo wa kazi kati ya mume na mke ulipokamilika: mwanamume alimtoa mwenye nyumba kwa bunduki, mwanamke akaifanya nyumba ionekane haijawahi kuwa ya mtu mwingine.

Je, shahidi huyu aaminiwe? Aliandika mwaka 1963, baada ya kushindwa vita, kuwekwa kizuizini hadi 1948 na kukaa miaka mingi na dhamiri yake. Kitabu chake kimeandikwa kama barua kwa rafiki wa shule mwenye asili ya Kiyahudi, ambaye yeye mwenyewe alimsaliti kwa kukubali kuipelelezea Gestapo familia yake. Anayeandika barua ya namna hiyo ana kila sababu ya kupamba nia zake za utotoni, na meza ya jikoni ni nia inayopendeza masikioni. Shaka hiyo ni ya haki. Lakini anayetaka kujisafisha hasimulii msisimko wake mbele ya damu, wala hatoboi siri ya upelelezi. Na hata kama nia yake imepambwa, namna alivyonaswa inalingana na yanayojulikana kwingineko: utawala ulitafuta palipo na malalamiko ya kweli, ukayapa sare, kisha ukayaelekeza kwa wanyonge wengine.

Bado hoja hii haielezi kila kitu. Sophie Scholl, aliyezaliwa mwaka 1921, alipitia mlango ule ule. Alijiunga akiwa bado mtoto huko Ulm, kinyume cha mapenzi ya baba aliyewachukia Wanazi, akapanda hadi uongozi wa kikundi. Tarehe 22 Februari 1943 alikatwa kichwa mjini Munich kwa kusambaza karatasi za kuupinga utawala ule. Inasemwa kwamba kilichomtoa ni nyumba yenye mjadala, vitabu, na kukamatwa kwa ndugu zake mwaka 1937. Lakini Maschmann naye alikuwa na wazazi wasioshabikia chama, alisoma, na alikuwa na rafiki wa Kiyahudi aliyempenda. Tunaweza kueleza vizuri kwa nini wasichana wale waliingia, na maelezo hayo yanatudai tusikilize malalamiko ya watoto kabla hayajapata msikilizaji mwingine. Kwa nini mmoja alitoka na mwingine akabaki hadi mwisho, ilhali wote wawili walikuwa na macho ya kuona, ni swali ambalo hata Maschmann, kwa kurasa zote za barua yake, hakumjibu rafiki yake.